Alama ya & haitengenezi huduma

Ukifungua bodi nyingi za Linux zinazofungwa kwenye pampu na matangi ya maji huku Moshi, utakuta mstari uleule: `python3 soma_tangi.py &`. Ukimuuliza aliyeufunga anakujibu kwa kujiamini, "Kaka, hiyo inajiendesha yenyewe nyuma, ni huduma tayari." Si huduma, yaani programu ambayo mfumo wenyewe unaiwasha, unaichunga na kuiinua ikianguka. Nimelisema hili kwenye simu na kwenye magrupu ya WhatsApp hadi nimechoka, sasa naliandika.

Alama ya & inaiambia sheli (programu inayopokea amri unazoandika) jambo moja tu: usinisubiri. Haisemi ni nani atakayeiangalia programu ikifa, nani ataiinua umeme ukirudi, wala ujumbe wake wa makosa uandikwe wapi. `nohup`, amri inayowekwa mbele ya mstari huo, nayo inaikinga tu isife unapofunga terminali.

Imani hii imeishi kwa sababu kwenye `/etc/rc.local`, faili la amri zinazoendeshwa bodi inapowaka, inaonekana kufanya kazi. Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, huendesha faili hilo kupitia `rc-local.service`, na huduma hiyo imeandikwa `Type=forking` pamoja na `RemainAfterExit=yes`, kwa hiyo prosesi (programu zilizo kazini) zilizoachwa nyuma haziguswi. Fundi anaona namba za tangi zinaingia, anafunga boksi, anashuka zake. Programu ikianguka usiku wa manane hakuna wa kuiamsha, mpaka mtu apande Machame kuchomoa waya na kuuchomeka tena.

Kisha fundi huyohuyo anashauriwa ahamie kwenye systemd, naye anahama na & yake. Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Ukiiweka moja kwa moja kwenye `ExecStart`, mstari wa faili la huduma unaotaja amri ya kuendesha, hakuna sheli ya kuielewa; programu inapokea & kama neno la kawaida, sawa na jina la faili. Ukiificha ndani ya skripti ni vibaya zaidi. Skripti inaizindua programu, inamaliza kazi na kutoka. Kwa systemd, skripti ndiyo iliyokuwa prosesi kuu, na imeisha. Systemd inafagia kila kilichobaki kwenye kundi la prosesi za huduma hiyo, programu yako ikiwemo, kwa kuwa `KillMode` isipoguswa ni `control-group`. Ndiyo maana unasikia, "Nikiiendesha kwa mkono inakubali, systemd ndiyo mbovu." Systemd imefanya ulichoiagiza. Toa &, acha programu ikae mbele, iandike kwenye pato la kawaida, basi.

Kwenye mifumo midogo ya Linux iliyojengwa kwa Buildroot, inayotumia BusyBox badala ya systemd, madhara yanageuka. Ukiweka & kwenye mstari wa `respawn` (unaoagiza programu iwashwe upya kila ikitoka) ndani ya `/etc/inittab`, init, prosesi inayowasha nyingine, inaona sheli imetoka, inazindua nyingine, na nyingine, nakala juu ya nakala hadi kumbukumbu inajaa.

Haya, & imetoka. Sasa naambiwa, "Nimeweka `Restart=always`, haiwezi kufa." Inaweza. Isipobadilishwa, systemd inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuwasha upya, na inaruhusu mara 5 ndani ya sekunde 10. Fikiria umeme umerudi, modemu ya USB bado haijaamka, programu inaitafuta, inaikosa, inajiua. Ndani ya sekunde chache nafasi zote tano zimekwisha, na kwenye `journalctl`, amri ya kusoma daftari la matukio ya mfumo, unasoma `Start request repeated too quickly`. Baada ya hapo systemd haijaribu tena, hata modemu ikiamka dakika moja baadaye. Kwa bodi iliyo mlimani weka `RestartSec=10`, na chini ya sehemu ya `[Unit]` ya faili la huduma, narudia, chini ya `[Unit]`, weka `StartLimitIntervalSec=0`. Kutegemea `network-online.target`, shabaha ya systemd inayosubiri mtandao upatikane, hakutakuokoa. Shabaha hiyo inahusu wakati wa kuwaka tu. Mtandao ukikatika saa moja baadaye ni kazi ya programu kujaribu upya.

Saa nayo: bodi za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yake yenyewe, na hata la 5 linahitaji betri. Umeme ukirudi kabla ya mtandao, tarehe ni ya uongo na vyeti vya TLS (vinavyolinda mawasiliano ya mtandaoni) vinakataliwa. Funga DS3231, ni moduli ndogo tu ya saa.

Linalonisumbua zaidi ni programu iliyoganda. Inasubiri jibu la kihisi kwenye waya wa siriali, jibu haliji, na `systemctl status`, amri ya kuuliza hali ya huduma, inaonyesha `active (running)` kwa kijani kizuri kabisa. Haijafa, kwa hiyo `Restart` haina habari nayo. Dawa ni `Type=notify` na `WatchdogSec=30`: programu itume `READY=1` ikishaanza, kisha `WATCHDOG=1` kila baada ya muda mfupi, ikinyamaza systemd inaiua na kuiwasha upya. Ila ujumbe huo wa `WATCHDOG=1` utoke kwenye mzunguko uleule unaosoma kihisi. Ukiutoa kwenye uzi wa pembeni (sehemu ya programu inayokwenda sambamba na kazi kuu), uzi utaendelea kuripoti uhai wakati kazi imesimama.

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Waya wa kihisi ukikatwa na panya, je, programu inyamaze ili iuawe? Kwa sasa nasema hapana: iweke muda wa mwisho wa kusoma, iripoti kwamba kihisi hakijibu, iendelee kuwa hai, kwa kuwa kuiwasha upya hakuungi waya. Lakini nimeona vihisi vilivyoamka baada ya bodi nzima kuzimwa na kuwashwa, na sijapata kanuni ya kutenganisha hali hizo mbili kwa mbali.

Bodi ikiwa bado mezani, ijaribu hivi. Ipige programu `kill -9` ife papo hapo, uone inarudi. Chomoa modemu, uwashe bodi, subiri, kisha uirudishe. Halafu igandishe programu kwa `kill -STOP` na uache `journalctl -f` wazi. Usipoona `Watchdog timeout` ndani ya nusu dakika hivi, usiifungie boksi.