Tangi lililokomaa: kwa nini anemoni huja mwisho

Anayeanza kufuga viumbe wa bahari nyumbani huwa na picha moja akilini: samaki-klauni wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wamejilaza katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama laini wa bahari anayejishikiza kwenye mawe. Tangi likishajaa maji, anataka picha hiyo itimie wiki hiyohiyo. Wazoefu humwambia asubiri kwanza tangi likomae. Naye hushangaa, maana maji ni maangavu kabisa.

Kukomaa si sawa na kukamilika kwa mzunguko wa nitrojeni, ingawa wengi huvichanganya. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaojishikiza kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huifanya nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 ili waongezeke vya kutosha. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, mzunguko umekamilika na samaki-klauni anaweza kuingia. Anemoni bado.

Tangi lililokomaa ni lile ambalo halibadilikibadiliki tena. Miezi ya mwanzo mawe hufunikwa na vumbi la kahawia, kisha huota mwani wa kijani kama nywele, huku vijidudu visivyoonekana vikiwania nafasi. Mfugaji naye bado anajifunza: leo kasahau kuongeza maji yaliyopotea kwa mvuke, na kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke, maji yanazidi kuwa na chumvi, kesho kalisha kupita kiasi. Samaki huyastahimili hayo. Anemoni anataka chumvi ibaki karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto la nyuzi 25 hadi 27, leo, kesho na mwezi ujao. Ndiyo maana watu hutaja miezi 6, wengine mwaka. Mimi niko upande wa mwaka, hasa kwa tangi dogo, kwa sababu maji machache huharibika upesi.

Udhaifu wake unatokana na umbile. Anemoni ni mnyama, ndugu wa matumbawe na kiwavi wa bahari, lakini hana mifupa wala gamba. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha yeye. Akipata msukosuko huufukuza mwani huo na kubaki mweupe. Basi ukikuta anauzwa anemoni mweupe wa kupendeza, ujue unaangalia mnyama mwenye njaa. Mzima ana rangi, mdomo umefumba, na mguu wake, yaani kitako anachojishikizia kwenye jiwe, hauna mchaniko.

Tena huo mguu humtembeza! Asiporidhika na mwanga au mkondo wa maji, anahama usiku, anachoma matumbawe anayopita kando yake, na pengine anavutwa na pampu inayomkatakata. Akifa, huyeyuka na kuoza kwa kasi, na amonia inayotoka inaweza kuua kila kilichomo. Samaki mmoja akifa ni hasara ya samaki mmoja. Anemoni anaweza kuondoka na tangi zima.

Sasa swali linalopaswa kuulizwa mapema zaidi: samaki-klauni anamhitaji? Baharini, ndiyo. Si muogeleaji hodari, na minyiri yenye sumu humkinga na walao samaki. Ute wa ngozi yake ndio unaomwezesha kukaa humo bila kuchomwa. Kwenye tangi hakuna wa kumla. Wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi na hawajawahi kumwona anemoni, hivyo huweza kujichagulia tumbawe laini au kona tu. Hata ukimleta anemoni, wanaweza kumpuuza kwa miezi.

Aina za anemoni ni zaidi ya 1,000, ila kama 10 tu ndizo huwapokea samaki hawa. Inayovumilia zaidi maisha ya tangi ni Entacmaea quadricolor, yenye minyiri iliyovimba nchani. Baharini siyo makao ya Amphiprion ocellaris, yule samaki-klauni anayefugwa sana, lakini kwenye tangi mara nyingi huikubali.

Siku ya kumwingiza ikifika, funika midomo ya pampu kwa sponji na upunguze mkondo mpaka mguu ushike jiwe. Akihamahama siku za kwanza, usimrudishe ulipomweka. Anatafuta mahali pake mwenyewe.