Kinda aliyeguswa hasuswi

Unguja na Pemba watoto huonywa: usimguse kinda, mama'ke atasikia harufu ya mtu amsuse. Sivyo. Ndege wengi wadogo hawategemei pua kuwatambua watoto wao. Watafiti wa tabia za ndege hutoa makinda viotoni, huwapima uzito, huwavisha pete nyepesi ya alumini mguuni, kisha huwarudisha, na wazazi huendelea kulisha.

Kinachomfanya ndege asuse ni bughudha, hasa siku za mwanzo za kuatamia, akifurushwa mara kwa mara. Mayai hupoa, au hupigwa na jua. Tena ukichungulia mno unamwonyesha njia kunguru, yule aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka. Mayai ya wenzake hayamshindi. Watafiti nao huchunga umri: makinda waliokwisha kuota manyoya wakishikwa hurukia nje kabla hawajaweza kuruka.

Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotoni upesi. Mwenye manyoya na mkia mfupi, anayerukaruka chini, yumo mafunzoni: mweke tawini, paka afungiwe, nawe uondoke. Maji usimtilie mdomoni. Huingia njia ya pumzi.