Anjaina ni jina la maumivu, si jina la mshipa ulioziba

Wiki iliyopita kaka yangu aliandika katika kundi la familia: “Alhamdulillahi, majibu ya shangazi yametoka, mishipa iko wazi, hana anjaina.” Nilifurahi pamoja na wengine, kisha nikakereka peke yangu, kwa kuwa ilikuwa mara ya nne au ya tano kuisikia sentensi hiyo, na mmoja wa walioitamka mbele yangu alikuwa mhudumu wa afya ambaye sikumtarajia. Nusu ya kwanza ya habari ile ni njema na ni ya kweli. Nusu ya pili haizaliwi na ya kwanza.

Maana yenyewe ni fupi. Anjaina ni maumivu au mbano wa kifua unaotokea pale msuli wa moyo unapopata damu pungufu kuliko kazi uliyonayo wakati huo. Mara nyingi huja mtu anapopanda mlima, anapobeba mzigo au anapoghadhibika, na hutulia akipumzika. Huweza kupanda shingoni na tayani au kushuka mkononi, na kwa baadhi ya watu, wanawake hasa, hujitokeza kama kukosa pumzi na uchovu zaidi kuliko maumivu. Hayo yamo katika kijitabu chochote cha afya. Kisichokuwamo ni safari ya neno lenyewe, na kosa la kaka yangu limejificha humo.

Neno ni la Kilatini, nalo lilitumika kwa maradhi ya koo yanayomkaba mgonjwa. Lina udugu na kitenzi angere, yaani kubana, na pia na neno la Kigiriki ankhone, yaani kunyonga. William Heberden, tabibu wa London, alilihamisha kutoka kooni hadi kifuani aliposoma maelezo yake mbele ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu mwaka 1768, maelezo yaliyochapishwa mwaka 1772. Tazama alichokuwa nacho mkononi: hakuwa na kipimo cha umeme wa moyo, hakuwa na picha ya aina yoyote, na hata kile chombo cha kusikilizia kifua kilikuwa hakijabuniwa. Alikuwa na wagonjwa tu, waliomweleza kwamba wakitembea, hasa wakipanda na hasa baada ya kula, hubanwa kifua kiasi cha kudhani kwamba wakiendelea watakufa, na kwamba wakisimama tu, hali yote huondoka. Akakipa jina kile walichomweleza. Mishipa ya moyo haimo katika jina hilo. Caleb Parry ndiye aliyeihusisha na maumivu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1799, na kipimo cha kuijaza rangi mishipa hiyo mmoja mmoja ili ionekane kilianza na Mason Sones mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1958. Hesabu mwenyewe: jina lilikuwa limekwisha kutumika miaka 190 kabla ya kipimo ambacho leo tunadai kimelifuta.

Waarabu huiita hali hii dhabha ya kifua, na dhabha hiyo ni ya shina lile lile lililotupa sisi dhabihu. Mkono umeshikilia koo hapo pia. Sisi tumebaki na kubana, na kwa maoni yangu hatukupungukiwa, kwa sababu mgonjwa anayesema “kifua kinanibana” amekwisha kumjibu daktari swali ambalo lingefuata, yaani kama kinachoma au kinabana. Kichomi ni kitu kingine: kinadunga, kina mahali pake pa kuonyesha kwa kidole, na mara nyingi huzidi ukivuta pumzi. Chembe cha moyo nacho kinatupoteza kila siku, kwa kuwa kina moyo katika jina lakini kiko juu ya tumbo, na wapo wengi wanaosema “moyo unaniuma” huku kidole kiko hapo, panapoanzia kiungulia.

Liko pia neno wasiwasi, ambalo hutolewa haraka sana vipimo vikirudi salama. Asili yake ni mnong'ono, na aliyesoma Suratun-Nas anajua mnong'ono huo unaingizwa wapi: vifuani mwa watu. Cha ajabu ni kwamba Kiingereza nacho kimelipata neno lake la wasiwasi katika shina hilo hilo la angere lililozaa anjaina, na sisi tumeipata dhiki katika neno la Kiarabu linalomaanisha wembamba, ufinyu wa mahali. Lugha zote hizi zimeuweka woga na mbano katika nyumba moja. Lakini kukaa nyumba moja hakuwafanyi wawili kuwa mtu mmoja. Mtu aliyebanwa kifua miaka miwili bila kuelezwa sababu lazima awe na wasiwasi, na wasiwasi huo unaweza kuupiga moyo mbio na kuuongeza mbano. Kuuona wasiwasi kwake basi si kuona chanzo.

Shangazi anakaa Lushoto, ambako hakuna njia isiyopanda. Akitoka sokoni, katika kona ya pili kabla ya nyumbani kwake, huweka kikapu chini na kuanza kufunga upya kanga ambayo haikulegea. Nilidhani ni mazoea ya utu uzima. Siku moja nilisimama naye nikaona midomo imekazwa na mkono umefumbwa ngumi kifuani chini ya kanga, naye anatweta, wala si kuhema kwa kawaida. Baada ya dakika tatu hivi akaokota kikapu na kuendelea na habari aliyoikatiza. Heberden angemtambua pale pale. Alikwenda kupimwa umeme wa moyo, na kipimo hicho hurekodi takribani sekunde kumi za mtu aliyelala kitandani. Akapimwa kwa mawimbi ya sauti, na kipimo hicho huonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu na jinsi valvu zinavyofunga. Mwisho akapigwa picha ya mishipa kwa kuingizwa rangi kupitia kifundo cha mkono. Vyote vikawa sawa. Akaambiwa: “Mama, moyo wako mzima, nenda ukapumzike,” naye akarudi kwenye mlima wake na kanga yake.

Picha ya rangi huonyesha mishipa mikubwa, ile inayopita juu ya moyo. Mishipa iliyo myembamba kuliko nusu milimita haionekani humo, na hiyo ndiyo mingi, ndiyo inayoamua kiasi cha damu kinachoufikia msuli. Inaweza kushindwa kutanuka mtu anapopanda mlima, au ikajikunja yenyewe, na picha isionyeshe lolote. Mwaka 1973 Harvey Kemp aliita hali ya wagonjwa wa namna hii sindromu X, na herufi hiyo ikaleta madhara yake, kwani wengi waliisoma kama “haijulikani”, kisha “haipo”, ilhali ilitokana na jina la kundi la wagonjwa, kundi X, katika utafiti wa watu wengine. Leo husemwa anjaina ya mishipa midogo. Mishipa mikubwa nayo inaweza kukakamaa kwa muda kisha ikaachia, mara nyingi mtu akiwa amepumzika, usiku au alfajiri, kama alivyoeleza Myron Prinzmetal mwaka 1959. Ikipigwa picha asubuhi, inakutwa wazi kama kawaida. Hali zote mbili zina vipimo vyake, kimojawapo kikiwa ni kuingiza dawa ya kuichokoza mishipa hiyo na kutazama inavyoitikia, ingawa si vituo vingi vinavyokifanya, na zina dawa zake pia.

Sisemi kwamba shangazi ana anjaina. Huenda ni umio, huenda ni upungufu wa damu, huenda ni gegedu za mbavu, ambazo huuma zikibonyezwa. Nasema kwamba kipimo alichofanyiwa kiliulizwa kama mishipa mikubwa imeziba, kikajibu kwamba haijaziba, na kikaishia hapo. Maumivu yakibadilika, yakimjia akiwa ameketi au yakikataa kuisha, ni ya kurudishwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama majibu ya zamani yamo kwenye bahasha na yanapendeza kuyatazama.

Kwa hiyo namwomba kaka yangu arekebishe ujumbe wake kidogo tu: “Alhamdulillahi, majibu ya shangazi yametoka, mishipa mikubwa iko wazi, kinachombana bado kinatafutwa.” Alhamdulillahi ibaki mahali pake.