Kifaa kinacholia kwapani: maswali ya akina mama kuhusu upasuaji wa saratani ya titi

Tulipozungumza na akina mama wa soko la Majengo hapa Dodoma kuhusu saratani ya titi, maswali mengi yaliangukia ile sindano ya mionzi inayochomwa kabla ya upasuaji. Haya ndiyo yaliyorudiwa zaidi.

Kansa iko kwenye titi. Daktari anatafuta nini kwapani?

Anatafuta njia yake. Kansa ya titi ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mtoki. Chukua kichala cha zabibu: vikonyo ni mirija, punje ni tezi. Majimaji kutoka kwenye titi hufika kwanza kwenye punje moja au chache, ndipo yanaendelea kwa nyingine. Punje hizo za kwanza zikiwa safi, kwa kawaida zilizo nyuma yake nazo ni safi.

Zamani kichala kizima kiling'olewa ili kupata uhakika. Baadhi ya wagonjwa walibaki na mkono uliovimba miaka na miaka, kwa sababu majimaji yamekosa pa kupita. Kwa mama anayeshika jembe kila msimu, huo si usumbufu mdogo. Ndiyo maana siku hizi, inapowezekana, hutolewa punje zile za kwanza tu zikapimwe.

Sasa mionzi inasaidiaje?

Dawa yenyewe hutumia teknesiamu-99m, kitu kinachotoa mionzi, iliyonatishwa kwenye chembe ndogo mno. Huchomwa kwenye titi, mara nyingi karibu na chuchu, siku ya upasuaji au siku moja kabla. Chembe husafiri na majimaji hadi tezi ya kwanza, zikanaswa humo.

Mgonjwa akiwa usingizini, daktari hushika kifaa cha kunusa mionzi, kama kalamu nene, kimevishwa mfuko safi, na kukipitisha kwapani. Kikikaribia tezi yenye dawa, mlio unapanda na namba zinaruka. Anachana kidogo, anaitoa tezi, kisha anaipima nje, mbali na mgonjwa, kuhakikisha ndiyo iliyokuwa inalia. Halafu anarudisha kalamu kwapani. Pakinyamaza, kazi imeisha. Pakilia bado, kuna nyingine ya kutoa. Mimi sehemu hiyo ya kusikiliza ukimya ndiyo hunivutia zaidi.

Wengine huongeza rangi ya buluu ili tezi ionekane kwa macho pia. Kesho yake mkojo ukiwa na rangi ya kijani, usikimbilie kwa mganga, ni hiyo rangi inatoka.

Nikirudi nyumbani, sitamdhuru mjukuu?

Kipimo ni kidogo, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6. Ukiipakia dawa hii kwenye basi Dar es Salaam saa 12 asubuhi, saa 6 mchana imebaki nusu, na wewe pengine ndiyo kwanza uko Gairo. Baada ya siku nzima imebaki sehemu moja kati ya 16. Ila mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema, mpango wake hubadilika.

Ndiyo mionzi inayoua kansa?

Hapana. Hii inaonyesha njia tu.

Kila mgonjwa hufanyiwa?

La. Kama mtoki tayari unapapasika, kwanza huchukuliwa sampuli kwa sindano. Ikionekana kansa imeshafika huko, mpango wa matibabu huwa mwingine. Wengi wetu huku kati tunafika hospitali tukiwa tumechelewa, kwa hiyo jambo hili linatugusa.

Pia dawa hiyo haikai stoo kama panado. Hospitali inahitaji idara ya tiba ya nyuklia, yaani ya dawa za mionzi, kama ilivyo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Pasipo na idara hiyo, daktari wa upasuaji anaweza kutumia rangi ya buluu peke yake. Kwa hiyo ukipangiwa upasuaji, muulize: "Dokta, kwapani utatoa tezi ngapi, na utazijuaje?"