Kubalansi vyuo si kutawanya vyuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, hujaa vijana na wazazi wao wakijaza maombi ya vyuo. Ni hapo ninapolisikia neno hili kila mwaka, na kila mwaka linanikera zaidi: "Nimebalansi." Safari hii nilisikia kwa binti aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, amepata C mbili na D moja. Kwa kuwa A ni pointi 5 na E ni pointi 1, hizo ni pointi 8. "Shikamoo mwalimu, mimi nimeshabalansi," akanigeuzia karatasi nione. Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Moshi na hapa hapa Mbeya. Vyuo vitano, mikoa mitano, vya serikali na vya dini. Kozi moja kote: udaktari wa binadamu.

Maana yenyewe haichukui muda. Orodha iliyobalansiwa ina machaguo machache ya juu kuliko alama zako, mengine kadhaa yanayolingana nazo, na moja au mawili ambayo una uhakika nayo, uko tayari kuyasoma, na ada yake nyumbani wanaiweza. Huko Marekani, ambako mwanafunzi anaweza kuomba hadi vyuo 20 kupitia Common Application, mfumo wa pamoja wa maombi, washauri hugawa orodha mafungu hayo hayo matatu. Basi.

Kinachonisumbua ni neno. Balansi limetufikia kwa njia ya Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini, na maana yake ni vitanga viwili: ile mizani ya zamani yenye kitanga huku na kitanga kule. Kabla yake tulikuwa tayari na neno letu, mizani, lililotoka Kiarabu kwenye mzizi wa kupima uzito, ndugu yake uzani. Wahasibu wakapata mizania yao humo humo. Washairi nao wakalichukua: mshororo wa shairi la kimapokeo mara nyingi una mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Ukiweka kumi huku na sita kule, jumla ni ile ile 16, lakini mwenye sikio atakwambia shairi limechechemea. Kote huko hakuna anayehesabu tu vitu vingapi vipo. Kinachotazamwa ni uzito wa upande mmoja dhidi ya upande wa pili.

Dereva wa lori la viazi anayetoka Uyole kwenda Dar analijua hili bila kufundishwa. Pale mizani ya Makambako lori halipimwi kwa jumla peke yake, linapimwa ekseli kwa ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu kivyake. Jumla inaweza kuwa sawa kabisa, ila ekseli ya nyuma imezidi kwa sababu magunia yote yamesukumwa huko. Hapo ni kupanga mzigo upya. Orodha ya yule binti ilikuwa lori la namna hiyo. Kutoka Moshi hadi Mbeya ni safari ndefu, lakini magunia yake yote yalikaa kwenye ekseli moja.

Maana ushindani uko kwenye kozi kuliko kwenye jina la mji. Udaktari wa Mbeya unaombwa na watoto wa Mwanza kama ule wa Mwanza unavyoombwa na watoto wa Mbeya. Chuo kuwa karibu na kwenu hakikupunguzii foleni.

Hapo linaingia neno lingine, sifa. Baba wa yule binti alisema kwa uhakika kabisa, "Lakini mwalimu, sifa anazo." Ni kweli anazo. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaandika kiwango cha chini cha kila kozi, na yeye amekivuka. Ila kiwango cha chini ni mlango wa kuingilia uwanjani. Nafasi zikiwa chache kuliko wenye sifa, chuo kinaanzia juu kushuka, na mwenye A tatu naye ana sifa hizo hizo. Mwongozo huo huo unaonyesha kila kozi ina nafasi ngapi, na hiyo ndiyo safu ambayo watu wengi wanairuka. Kwenye mizani, pointi zako ni kitanga kimoja. Idadi ya nafasi na alama za wanaozigombea ni kitanga cha pili. Yeye na baba yake walikuwa wanatazama kitanga kimoja tu.

Tangu 2017 maombi ya shahada yanapelekwa moja kwa moja kwenye chuo, na kila chuo kina utaratibu wake na ada yake ya maombi, kwa hiyo kutawanya namna hii kunamgharimu mzazi fedha halisi.

Sikumwambia aache udaktari. Anautaka tangu darasa la tano, na pointi 8 si za kudharau. Nilimwomba abakize vyuo viwili vya udaktari, kisha nafasi zilizobaki aziangalie upya: uuguzi, sayansi ya maabara, au ualimu wa kemia na baiolojia pale Mkwawa, Iringa, endapo kweli anaweza kujiona mbele ya darasa. Kama hawezi, asiuandike, kwa sababu chaguo ambalo hutalisoma halina uzito wowote kwenye mizani.

Na neno alilolitaka lipo, zuri tu: nimetawanya. Alikuwa ametawanya maombi. Alicheka kidogo, akaomba kalamu, akakata Moshi.