Safari ya Treni ya Vijana kwa Ajili ya Tabianchi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Panapotangazwa safari ya treni ya vijana wanaojitolea kwa ajili ya tabianchi, maswali ya kwanza huwa ni ya begi, ya kitanda na ya mtandao ndani ya behewa. Si maswali ya kupuuzwa, ila yanaonyesha kwamba wengi hujiandaa kusafiri na kusahau kujiandaa kwa kazi. Katika safari za aina hii treni ni chombo cha kuwafikisha vijana kwa watu, na kazi yenyewe hufanyika kwenye vituo, katika shule, kumbi na vitalu vya miche ambako wenyeji wanawasubiri. Karibu kila dhana potofu inayojadiliwa hapa chini inatokana na kuyachanganya mambo hayo mawili.

Dhana: Treni haichafui hewa, kwa hiyo kuipanda tu ni hatua ya tabianchi

Treni hutoa gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto kama vile hewa ukaa, kwa kiasi kidogo; haitoi sifuri. Kwa viwango vilivyotolewa na serikali ya Uingereza katika miaka ya karibuni, abiria wa treni ya kawaida nchini humo husababisha takriban gramu 35 za hewa ukaa kwa kila kilomita, ilhali abiria wa daraja la kawaida katika ndege ya masafa mafupi ya kimataifa husababisha takriban gramu 150. Treni ya Eurostar, inayopita chini ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, haifikii hata gramu 10, kwa kuwa inatumia umeme na sehemu kubwa ya umeme wa Ufaransa hutoka kwenye vinu vya nyuklia. Kwa upande mwingine, treni ya dizeli inayokwenda nusu tupu inaweza kushindwa na basi lililojaa. Kwa ujumla wake, hata hivyo, reli ina sifa inayostahili: ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba reli hubeba asilimia 8 ya usafiri wa abiria wa vyombo vya moto duniani na asilimia 7 ya mizigo, huku ikitumia asilimia 2 tu ya nishati yote ya sekta ya usafirishaji.

Hesabu huharibika pale mtu anapoanza kuhesabu kutoka kituo cha kuanzia safari badala ya kutoka nyumbani kwake. Kijana akiruka kilomita 3,000 kwa ndege ili akapande treni ya kilomita 1,000, na tukitumia viwango hivyo hivyo, ndege peke yake itakuwa imetoa takriban kilo 450 za hewa ukaa kwa ajili yake na treni kilo 35. Kabla ya kujaza fomu, basi, inafaa kuwauliza waandaaji kama kuna kituo cha njiani kilicho karibu zaidi ambako mtu anaweza kujiunga, na kama treni ni ya kukodi maalumu au ni viti vilivyonunuliwa katika treni ya ratiba ambayo ingesafiri vyovyote vile. Anayeishi ng'ambo ya bahari, asiye na reli ya kumfikisha, hana sababu ya kuona haya; ajiulize tu kama kazi atakayoifanya huko inahitaji yeye awepo mwenyewe, maana zipo kazi za tafsiri, takwimu na mawasiliano zinazofanyika vizuri kabisa kwa mbali.

Dhana: Kujitolea hakuhitaji ujuzi, moyo unatosha

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote, na hasara yenyewe huwaangukia wenyeji. Mfano ulio wazi ni upandaji wa miti, kazi inayopendwa sana na waandaaji kwa sababu hupigwa picha nzuri. Mche uliopandwa wakati wa kiangazi, au katika nyika ambayo kwa asili yake ni ya majani, au mahali ambapo hakuna aliyekubali kuumwagilia, ni kazi bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mikoko nchini Ufilipino ulikuta kwamba katika miradi mikubwa ya upandaji, mikoko iliyoendelea kuishi kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa, yaani chini kabisa ya ufuo ambako mikoko haikuwahi kuota yenyewe. Kijana anayejiandaa vizuri huuliza mapema kazi gani itafanyika katika kila kituo, nani ameiomba, na nani atabaki nayo treni ikishaondoka. Jibu likiwa halipo, ni haki yake kupendekeza kazi nyingine.

Maandalizi ya maneno nayo hayapungui uzito. Msafiri atakutana na wakulima, wanafunzi na viongozi wa mitaa watakaomwuliza maswali ya moja kwa moja, na hatakuwa na muda wa kupekua simu. Ajue kwamba hali ya hewa ni ya siku au wiki, na tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Ajue kwamba, kwa mujibu wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), wastani wa joto la uso wa dunia katika mwaka 2011 hadi 2020 ulikuwa juu ya ule wa mwaka 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi. Na asiseme kwamba kila furiko limeletwa na mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu wanasayansi hawasemi hivyo: wanachopima ni kiasi gani ongezeko la joto limelifanya tukio fulani liwe kali zaidi au liwezekane zaidi kutokea kuliko zamani. Mzee aliyeona mafuriko matatu maishani mwake atamkatiza kijana anayetia chumvi, na atakuwa na haki. Maelezo ya dakika tatu yaliyoandaliwa kwa lugha ya wasikilizaji, yakifuatwa na kusikiliza kwa muda mrefu zaidi ya huo, yana faida kuliko hotuba ya nusu saa.

Dhana: Kujitolea maana yake kila kitu ni bure

Kujitolea maana yake hulipwi mshahara. Nani analipa nauli, malazi, chakula na bima ni jambo jingine, na hutofautiana mno. Mpango wa Umoja wa Ulaya wa European Solidarity Corps, kwa mfano, hugharimia chakula, malazi, nauli na posho ndogo kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 wanaojitolea. Safari nyingine huwataka washiriki wachangie. Kuchangia hakumaanishi kwamba kuna utapeli, lakini mwandaaji asiyekubali kuonyesha mchanganuo wa fedha hizo kwa maandishi, au anayedai zitumwe haraka kwenye akaunti ya mtu binafsi, aachwe hapo hapo.

Dhana: Mwenye tiketi na barua ya mwaliko atavuka mipaka

Barua ya mwaliko husaidia kuomba viza; haichukui nafasi yake. Tena kuna nchi ambazo sheria zake huihesabu kazi ya kujitolea kama kazi, hivyo viza ya utalii haitoshi. Uingereza humruhusu mgeni kujitolea kwa muda usiozidi siku 30, na shirika analolisaidia liwe la hisani lililosajiliwa. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, ombi la viza ya muda mfupi hupelekwa si mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, likiambatana na bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Linalosahaulika mara nyingi ni njia yenyewe ya treni: ikitoka katika eneo la Schengen na kurudi tena, mwenye viza ya kuingia mara moja atakwama mpakani. Inafaa kuifuata ramani ya reli kituo kwa kituo na kuandika kila nchi, hata ile inayopitwa usiku watu wakiwa wamelala. Aliye chini ya umri wa utu uzima aongeze idhini ya maandishi ya wazazi au walezi.

Dhana: Treni ikifika kwenye mkutano wa tabianchi, abiria wake wataingia

Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, maarufu kama COP, hauna mlango kwa mtu aliyejileta mwenyewe. Kitambulisho cha kuingia ukumbi wa majadiliano hupatikana kupitia serikali, vyombo vya habari au mashirika waangalizi yaliyoidhinishwa, na nafasi za mashirika hayo ni chache. Kwa vijana zipo njia nyingine zenye maana: kundi la YOUNGO, linalotambuliwa rasmi kama sauti ya vijana katika mkataba huo, na mkutano wa vijana uitwao COY, ambao umekuwa ukitangulia COP tangu mwaka 2005 na una usajili wake. Umri nao usichukuliwe kwa kukisia: Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 24 katika takwimu zake, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 humhesabu hadi miaka 35, na waandaaji wa safari huweka mipaka yao wenyewe.

Dhana: Ratiba ya treni haibadiliki

Tarehe 31 Oktoba 2021, siku ambayo mkutano wa 26 wa COP ulifunguliwa mjini Glasgow, Uskoti, mti uliangushwa na upepo juu ya nyaya za umeme wa reli kaskazini mwa London, na wajumbe wengi waliokuwa wanakwenda mkutanoni wakakwama katika stesheni ya Euston jijini London. Baadhi yao waliishia kupanda ndege. Joto kali nalo huzitanua reli za chuma hadi zikaweza kupinda, na ndiyo sababu mwendo wa treni hupunguzwa siku za joto. Anayesafiri kwa ajili ya tabianchi hana budi kutarajia kwamba tabianchi hiyo hiyo itamchelewesha.

Kwa hiyo mizigo iwe ile ambayo mtu anaweza kuibeba mwenyewe ngazini akibadilisha treni mbio mbio, na dawa, maji na chakula cha siku moja ya ziada vikae kwenye begi dogo la mkononi. Nakala za hati ziwe kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huzima. Kwa upande wa kazi, kila kituo kiwe na namba ya mwenyeji inayojulikana na zaidi ya mtu mmoja katika msafara, na pale inapowezekana mjumbe mmoja atangulie kwa treni ya mapema, ili wanafunzi waliokusanywa ukumbini wapate wa kuanza naye shughuli hata kama mabehewa yenye wenzake bado yamesimama njiani.