"Na mashudu nitawapa kuku?" Mimea na vijidudu kwenye udongo wenye metali nzito

Mama mmoja alifika ofisini kwetu na kama kilo mbili za udongo ndani ya mfuko wa unga wa sembe. Aliuchota nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo kwa miaka kadhaa mwanawe alikuwa akipasua betri kuukuu za gari, akiyeyusha risasi na kuwauzia wavuvi chubwi za nyavu. Kijana amehamia mjini, banda limebomolewa, na mama anataka ekari yake izalishe. Amesikia kwamba alizeti hunyonya sumu ardhini. Kabla sijamjibu, akaongeza: "Bwana shamba, na mashudu nitawapa kuku?"

Nimesoma maandiko mengi ya kitaalamu kuhusu kusafisha udongo kwa mimea. Machache yanafika kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta.

Oili chafu ikimwagika ardhini, bakteria wanaweza kuila kidogo kidogo mpaka ikaisha. Risasi haina mwisho wa namna hiyo, wala shaba, kadimiamu, zebaki na aseniki. Hizi haziozi wala haziungui zikatoweka. Mmea ukishirikiana na vijidudu unaweza kufanya moja kati ya mambo mawili: kuihamisha metali kutoka udongoni kwenda kwenye majani na shina, au kuifunga palepale ilipo isipeperuke na vumbi, isisombwe na mvua, isiingie kwenye chakula. Ni kazi mbili tofauti, na mmea unaofaa kwa moja mara nyingi haufai kwa nyingine. Ukihamisha, ujue pa kupeleka mavuno.

Nilimpigia mama hesabu nyuma ya bahasha. Udongo wa juu wa ekari moja, sentimita 20 kwenda chini, una uzito wa tani 1,000 hivi. Tuseme kila kilo ina gramu moja ya risasi, kiwango ambacho hakishangazi mahali palipopasuliwa betri. Hiyo ni tani nzima ya risasi. Tuseme tunataka kushuka hadi miligramu 200 kwa kilo, kiwango ambacho Marekani ilikitangaza mwaka 2024 kama tahadhari kwa udongo wa makazi, badala ya 400 ya zamani. Basi kuna kilo 800 za kuondoa. Alizeti iliyostawi vizuri itakupa labda tani nne za mabua makavu kwa ekari, na tukiipendelea kabisa, kila kilo ya mabua itabeba miligramu 100 za risasi, maana risasi hupenda kubaki mizizini. Jumla ni gramu 400 kwa msimu. Kwa misimu miwili kila mwaka, kazi itakamilika baada ya miaka 1,000.

Mama alicheka. Mimi pia, ingawa wapo waliopoteza fedha nyingi kwa kutopiga hesabu hii. Katika miaka ya 1990 baadhi ya watafiti walijaribu kuharakisha mambo kwa kumwaga kemikali iitwayo EDTA, inayoing'oa risasi kwenye chembe za udongo ili mizizi iipate. Mizizi ilipata, lakini sehemu kubwa ya risasi iliyolegezwa iliteremka na maji kuelekea chini, kwenye maji ya visima.

Kuhamisha kunawezekana, ila kwa metali chache na mimea michache. Nikeli ndiyo mfano bora. Huko Albania, kwenye udongo wenye nikeli ya asili, wakulima na watafiti wamepanda kimea chenye maua ya njano kiitwacho Odontarrhena, na hekta moja imetoa kilo 100 hivi za nikeli kwa mavuno. Majivu yake ni mbale kamili, yaani madini ghafi, yanakwenda kiwandani. Kisiwani New Caledonia kuna mti, Pycnandra acuminata, ambao ukiuchanja gome hutoa utomvu wa rangi ya samawati kwa wingi wa nikeli. Kwa aseniki ipo jimbi (kangaga, si gimbi la kula) iitwayo Pteris vittata. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba majani yake yanaweza kubeba aseniki zaidi ya asilimia 2 ya uzito mkavu. Jimbi hiyo huota hata kwetu, kwenye kuta zenye unyevu na mifereji, na watu huipita bila kuitazama.

Kwa shaba na kobalti, macho yote yalielekea Katanga, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kule vipo vilima ambavyo miti hukataa kuota kwa sababu ya shaba, na juu yake hustawi mimea isiyopatikana karibu popote pengine duniani. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya mrehani. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliutumia kama kidole cha kuwaelekeza: palipojaa ua hilo, wakichimba walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia shaba za karne nyingi zilizopita, enzi za ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba majani yake hukusanya shaba ya ajabu. Baadaye watafiti waliyaosha majani kwa uangalifu zaidi kabla ya kuyapima, na sehemu kubwa ya ile shaba ikaondoka na maji. Lilikuwa vumbi.

Kisa hicho huwa nakisimulia kwa akina mama wanaolima mchicha na matembele kandokando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, au pembezoni mwa barabara kuu. Risasi nyingi ya kwenye mboga iko juu ya jani, kwa hiyo kuosha kwa maji safi mara mbili tatu kunasaidia kweli. Kadimiamu ni kisa kingine. Hiyo huingia ndani ya jani, na mboga za majani huipenda kuliko nafaka. Haioshwi.

Tubaki Lubumbashi kidogo, maana huko ndiko tunakoweza kujifunzia kufunga. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliangushwa na upepo upande mmoja wa mji kwa miongo mingi. Eneo la Penga Penga lilibaki ardhi tupu yenye shaba, ambayo kila kiangazi iliingia majumbani kama vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hawakujaribu kuinyonya shaba hiyo. Walichukua Microchloa altera, nyasi fupi ya vilima vya shaba iliyozoea sumu kwa vizazi, wakaipanda kwenye udongo uliochanganywa chokaa na mboji. Chokaa hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua shaba hung'ang'ania chembe za udongo. Mboji nayo huikamata na kuwapa vijidudu chakula. Nyasi ikishika hutuliza vumbi na tope. Shaba ipo palepale, ila haitembei.

Ukiing'oa nyasi taratibu utaona punje za udongo zimeivalia mizizi kama koti. Ndani ya koti hilo vijidudu ni wengi kuliko hatua chache pembeni, kwa sababu mizizi huwarushia sukari. Kuvu waitwao mikoriza hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinaleta fosforasi kutoka mbali na kuibakiza metali kwenye kuta zake isipande juu. Bakteria nao wana ujanja wao. Mmea ukisumbuliwa na sumu hutengeneza ethilini, gesi ileile inayoivisha mkungu wa ndizi uliofunikwa. Ikizidi, mizizi hudumaa. Wapo bakteria wanaokula malighafi ya gesi hiyo kabla haijatengenezwa, na mizizi ikaendelea kukua mahali ambapo ingesimama. Wengine huyeyusha fosfeti iliyoganda. Risasi ikikutana na fosfeti, kidogo kidogo hugeuka kuwa jiwe gumu lisiloyeyuka kirahisi hata tumboni. Mwaka 2011 mtaa wa South Prescott, Oakland, Marekani, ulitibiwa kwa mifupa ya samaki iliyosagwa, kwa hesabu hiyohiyo, maana mifupa ina fosfeti.

Ila tusidhani kila kijidudu ni rafiki. Wapo bakteria wanaotoa asidi na kuifungulia metali mlango. Kule Kasese, Uganda, kiwanda kiliwatumia bakteria wa namna hiyo kwa makusudi kuchuja kobalti kutoka mabaki ya mgodi wa Kilembe. Ndani ya matangi ni jambo jema, kwenye bonde la mto ni msiba. Ukitaka kufunga, usimwage kijidudu kinachofungua. Ndiyo maana nasita kumshauri mkulima anunue pakiti ya "bakteria wa kusafisha udongo" isiyosema ndani kuna nani. Mara nyingi bora achote udongo kidogo chini ya nyasi zilizojiotea palepale kwenye kiwanja chake kibovu, autumie kupandia, maana vijidudu vya hapo vimeshazoea. Na asitegemee mikoriza kwenye kabichi au sukuma wiki, kwa kuwa jamii hiyo kwa kawaida haishirikiani nayo.

Zebaki ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kwenye mialo ya Geita na Chunya, wanakochenjulia dhahabu, marudio (mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa) yamebaki na zebaki ya miaka mingi. Baadhi ya bakteria huigeuza kuwa mvuke, yaani inatoka ardhini na kuingia hewani. Wengine, kwenye tope lisilo na hewa, huigeuza kuwa zebaki ya methili, ile inayojilimbikiza kwenye samaki na kufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kugeuza bonde la marudio kuwa jaruba la mpunga ni wazo baya, hata kama mpunga utakubali. Pia, miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi huja na aseniki, na huko mbolea ya fosfeti inayosaidia kwenye risasi inaweza kuifungua aseniki. Pima kwanza.

Kuna mahali ambapo mimea isipewe kazi kabisa. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaishikilia fidia hiyo. Mtoto anayetambaa hutia mkono kinywani mara nyingi kwa saa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi kisichomdhuru. Uani kwa mtoto kama huyo, udongo unaondolewa au unafunikwa kwa udongo safi au zege. Nyasi zinaweza kuja baadaye.

Matokeo ya mama yalitoka. Sehemu lilipokuwa banda, hatua 15 kwa 20, risasi ilikuwa juu sana, lakini nusu ya mbali ya ekari ilikuwa salama. Tulikubaliana eneo hilo lizungushiwe uzio wa matete ili wajukuu na kuku wasiparue, liwekwe chokaa, samadi iliyooza na mifupa iliyosagwa, kisha lipandwe nyasi za vetiva kwa mistari. Mizizi ya vetiva hushuka mita tatu na zaidi, na metali hubaki humo mizizini. Majani yake yasilishwe ng'ombe wala kuezekea jiko. Yakikatwa yalale hapohapo. Vipande vya betri vilivyofukiwa aliviokota kwa glovu, vikajaza ndoo mbili.

Alizeti aliipanda, upande ule wa mbali. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza bei ya kukamua debe moja, na kuku wanakula mashudu.